Ndege wa Kwetu Hawafiki Ghubra

Jumamosi, 5 Disemba 1970. Ghubra.

Baridi. Baridi ya Maskati haina adabu, inaingia goti la kushoto na kukaa humo kama mpangaji. Hata hivyo nimeamka, nimeswali, nimefikiri. Mtu mwenye akili kama yangu haamki bure.

Dada Kheiria bado ameukabili ukuta. Tangu alipofika kutoka Mombasa, kabla ya Ramadhani, kazi yake ni hiyo: mkeka, tasbihi, ukuta. Mke wangu Masouda amempikia kila kinachopikika. Anashukuru, anaonja, anarudi ukutani.

Watu wa husuda watasema nilimdanganya. Sikudanganya, nilipamba. Kila msafiri aliyekwenda Mombasa nilimpa salamu zake: dada njoo, Maskati ni Unguja iliyohamishwa, alfajiri ninga, wale njiwa wa kijani, wanalia juu ya mitende kama kwetu Mkunazini. Na mtu akishasema ninga, ulimi hauwezi kusimama hapo. Nikaongeza na ndege shorewanda. Basi amekuja. Alfajiri ya kwanza alitoka uani, akajitandia kanga, akasikiliza. Akamsikia punda wa jirani.

Leo katamka. Meli ya Karachi inapita Matrah Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, na kutoka Karachi ataunga ya Mombasa. Anarudi kwa mwanawe Rahila. Nikasema kwa sauti ya mwanamme wa nyumba kwamba haendi popote. Akanambia sanduku lake hajalifungua tangu aje, kwa hivyo kulifunga hakutamsumbua.

Tulizaliwa tisa. Tumebaki wawili. Basi, yatosha hayo.

Lakini nna mpango! Yupo Mzungu wa kampuni, Mista Harigriv, mrefu kama mlingoti, anazunguka na Landrova na darubini kutafuta ndege wageni wa baridi. Amewaomba watu wote wa Bawshar, Ansab na Ghubra: atakayemwona ndege asiye wa kawaida amwambie. Kesho nakwenda naye. Maskati nzima hii haiwezi kukosa ndege mmoja wa Unguja.

Jumapili, 6 Disemba

Nimekwenda Ansab na Mista Harigriv. Nimejitambulisha kwa Kiingereza changu. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini darasa la tano la zamani. Siku hizi ni sawa na mudiri wa serikali.

Bondeni lilikuwako dimbwi la mvua, na ndani yake ndege domomwiko saba, weupe, wenye midomo kama miiko, wanakoroga tope kama bibi arusi aliyeambiwa apike na mama mkwe anatazama. Mzungu alitetemeka kwa furaha. Nikamwambia kwetu Unguja hao tulikuwa tunawafukuza kwa kofia. Akauliza sehemu gani ya Unguja. Nikakohoa.

Kisha nikamtia swali langu. Hawa wametoka wapi? Akasema Urusi. Na wale bata? Urusi. Na yule tai? Urusi vile vile. Nikamuuliza, kwa heshima, nani basi anatoka Unguja. Akafikiri sana, si mtu mbaya. Akasema hakuna. Wako wanaotoka kaskazini wakapita hapa wakaenda Afrika, wakapumzika mtende mmoja usiku mmoja, asubuhi wakaendelea. Lakini wa huko kuja huku msimu huu, hakuna.

Nilishuka kwenye Landrova bila kujisifu kwa mtu. Masouda amesema hajapata kuniona hivyo.

Nilipofika nikamhadithia dada, nikidhani atacheka. Nikamwambia ndege wote wanapita tu hapa, wanakwenda zao Afrika. Hakugeuka.

“Unaona,” alisema. “Hata ndege wana akili.”

Jumatano, 9 Disemba

Thani! Sijamwandika Thani humu kwa sababu wino una bei. Ni jirani yangu, Mpemba, anafuga njiwa weupe na anajiona. Leo kaingia kwangu bila hodi ya maana, anasema hudihudi kashuka bustanini kwake. Hudihudi khasa, mwenye kilemba, wa Nabii Suleiman. Akatusomea na aya. Mista Harigriv kaja kumwona, kamshika Thani mkono, tena kwa mikono miwili. Mimi, mkono mmoja.

Thani akamwalika dada akamtazame. Dada akenda! Hatua chache tu, lakini alivaa buibui akenda. Nikafuata nyuma nikiomba ndege aruke. Hakuruka. Dada alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mtoto wa watu, akasema mashaallah, akarudi.

Jioni nilimletea kahawa mwenyewe. Nikamwambia ninga wapo, ila wanachelewa mwaka huu. Akapokea kikombe. Akanambia anakumbuka mama alivyokuwa akilala darini siku za joto, sisi tisa tumejipanga kama samaki, na ninga wa kwenye mfenesi wa jirani ndiye aliyekuwa akituamsha, hakuna saa wala adhana iliyomtangulia.

“Muslim,” akanambia, “nionyeshe ndege mmoja wa kwetu. Mmoja tu. Nitakaa.”

Nimeapa. Kwa Mungu nimeapa. Na wakati naapa, jicho langu lilikuwa juu ya banda la njiwa la Thani.

Ijumaa, 11 Disemba

Nani duniani alijua kwamba manjano ya mchuzi ukichanganya na buluu ya kufulia unapata kijani? Mimi! Wala sikufundishwa darasa la tano, nimezaliwa nalo.

Wakati watu wako msikitini nimeazima njiwa mmoja wa Thani. (Mimi nilikuwa mgonjwa, goti.) Nimempaka kwa pamba, bawa kwa bawa. Alinidonoa mara nyingi lakini msanii huvumilia. Akatoka ninga, wallahi, ninga wa Mkunazini mtupu. Nikamweka uani juu ya mkomamanga, nikamwita dada aje mbio.

Dada akaja. Akamtazama ndege. Ndege akamtazama yeye. Kisha yule mpumbavu akashuka chini, akamfuata miguuni anaomba mtama.

Ninga hashuki chini. Ninga haombi. Nalijua hilo tangu mtoto, na njiwa yule hakulijua.

Dada akainama, akamnusa.

“Muslim, ninga wako ananuka mchuzi.”

Hakukasirika. Ndiyo iliyoniuma. Alinifuta manjano shavuni kwa ncha ya kanga, kama nilipokuwa mdogo, akarudi ukutani.

Hayakwisha. Njiwa akaruka kwao. Thani anatoka msikitini, anaona ndege wa kijani juu ya banda lake, anakwenda mbio kwa Mista Harigriv kutangaza ndege asiyepata kuonekana bara Arabu nzima. Landrova ikaja na vumbi lake. Mtaa mzima ukakusanyika. Mzungu akapanda ngazi polepole, akamshika ndege kwa upole, akatazama viganja vyake. Manjano. Thani akatazama viganja vya Mzungu, kisha akageuka kutazama shavu langu.

Nimejifungia ndani. Nasikia vicheko mpaka saa hii.

Jumatatu, 14 Disemba

Thani ananiita Sheikh Bizari. Watoto wamedaka.

Lakini kichwa hakilali. Nimekumbuka shakwe wa Unguja, walivyokuwa wakifuata samaki popote. Samaki akinuka, ndege wa pwani watakuja tu, iwe Ghubra iwe Urusi. Kwa hivyo nimekwenda Matrah, nimenunua kapu la ng'onda, samaki wa kupasua na kukausha, na kipande cha papa mkavu, papa wa nguvu, anayemfanya mtu alie bila msiba. Nikarudi nimepanda nyuma ya lori la samaki.

Njiani tulikuwa na bughudha. Kunguru mmoja wa Matrah, mchafu, shingo ya kijivu, aliparamia lori tangu sokoni. Kila nikimpiga kwa kilemba anahamia upande wa pili. Alipolia nikakaribia kumjibu kama mama alivyokuwa akiwajibu wa kwetu, maana mama aliamini kunguru akilia juu ya nyumba kuna mgeni au barua njiani, na lazima umjibu la kheri. Nikajizuia, lori lilikuwa na watu. Tulipopita Bawshar sikumwona tena. Afadhali. Kutafuta ndege wa heshima na kuandamwa na kunguru!

Nimetandaza ng'onda darini, wamejipanga kama wa mama. Masouda amefunga madirisha yote. Ameuliza kwa Kiswahili chake, nilichomfundisha mimi na kwa hivyo ni fasaha, kama sasa nataka kuwaua pamoja na mgeni. Dada, nadhani, alinusa. Alinyanyua uso kidogo. Kisha akauinamisha.

Shakwe hakuna. Paka wanne.

Jumatano, 16 Disemba

Sanduku la dada liko mlangoni. Thani kaja kusema, kwa ule upole wake unaochoma, kwamba Jumamosi atampeleka bandarini kwa gari lake, Sheikh Bizari asisumbuke. Dada akamshukuru.

Nilipanda darini peke yangu kukusanya ng'onda. Mpango umekufa. Nilikaa pale juu nikatazama mitende ya Ghubra mpaka baharini, mizuri, siisemi vibaya, imenilisha miaka sita. Lakini mtende si mfenesi wa jirani. Nikajiona mzee.

Hapo ndipo aliposhuka. Yule yule wa kwenye lori! Shingo ya kijivu, jicho la mwizi. Kumbe katufuata mpaka huku kwa ajili ya papa wangu. Akatua ukingoni, akanyoosha koo: kwaa, kwaa.

Nikaokota jiwe. Nilikuwa na hasira za wiki mbili na huyu ndiye aliyezipata.

Kabla sijatupa, sauti ikatoka chini. Ya uani. Sauti kubwa ya mwanamke, imekunjuka, haikufikiri:

“Kheri! Mgeni aje na kheri, barua ije na kheri!”

Sikuitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya mama. Maneno yale yale, mvuto ule ule mwishoni. Mama amezikwa Unguja mwaka wa hamsini na tisa.

Halafu nikasikia miguu kwenye ngazi. Dada Kheiria, ambaye tangu aje hajapanda hata ngazi moja kwa hiari, katokea darini na ufagio wa chelewa, kanga imemteleza kichwani. Kunguru keshamdaka ng'onda mnene kuliko wote. Dada akamwendea. Kunguru akaruka upande wa pili. Dada akageuka. Akamtukana kwa matusi ya Mkunazini, matusi niliyodhani yamekufa pamoja na waliokuwa wakiyatumia, akamwita mwizi, mwana wa mwizi, mjukuu wa aliyekula sambusa za arusi ya shangazi Hind. Kunguru akamsikiliza mpaka mwisho, akaondoka na samaki.

Dada akaketi juu ya kapu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa halii wala hacheki, ni vyote viwili. Mimi bado jiwe mkononi.

“Litupe hilo,” alisema. “Huyu ndiye. Huyu anatujua.”

Nikamwambia, dada, huyo ni kunguru tu, Matrah wamejaa. Akanambia kwani Mkunazini hawakujaa? Kisha akatazama ng'onda wangu, akasema nimewatandaza ovyo, upande wa ngozi haukai juu, mama angenichapa. Akaanza kuwageuza mmoja mmoja.

Magharibi alikula sahani mbili. Sanduku amelifungua, anatafuta kanga ya kazi.

Jumamosi, 19 Disemba

Meli imeondoka Matrah. Dada alikuwa darini na ufagio.

Mista Harigriv alikuja kumtazama kunguru. Wa kwanza anayemjua yeye kufika Ghubra! Amenishika mkono kwa mikono miwili. Thani aliona. Nilihakikisha ameona, nilikataa kuuachia. Mzungu aliomba tusimlishe, maana kunguru akipata chakula huleta ukoo wake. Dada aliuliza Mzungu anasema nini. Nikamtafsiria kwamba anasema kunguru akipata chakula huleta ukoo wake. Dada akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mtaani nimeeleza wazi kwamba kunguru alikuwa ndiyo mpango wangu tangu mwanzo. Nilimchagua mwenyewe sokoni, nikamwongoza kwa kilemba, na njiwa yule wa kijani alikuwa wa kumpumbaza Thani tu. Wapo walioniamini. Mmoja, angalau, hakuondoka.

Sasa dada kakaa, lakini jioni anamtaja Rahila. Mtoto yuko peke yake Mombasa, anasema, angalipenda hapa. Usinambie mara mbili, dada! Kesho yuko msafiri anaondoka, nimeshamkabidhi salamu: Rahila mwanangu, njoo kwa mjomba wako, Ghubra ni Unguja iliyohamishwa, alfajiri ninga wanalia kila mtende, na tangu mwezi huu kasuku pia.

Masouda ananiita kutoka jikoni. Anataka kujua nani kachukua manjano mapya.