Rauta Iliyopanda Basi Kwenda Masoko

Kwenye baraza la kahawa la Hussen, hatua chache kutoka stendi ya Kilwa Masoko, redio ilikuwa haijamaliza habari Bakary Kipaza akaidakia. Jamaa mmoja huko Dar kamwacha mkewe kwa imeli.

"Haiswihi," alisema Kipaza, ambaye koo lake halijawahi kuhitaji spika. "Talaka mtu anaitamka. Huyu kabonyeza tu."

"Imeandikwa, imetumwa, imefika," alisema Valentini Chaji, anayechajisha simu za watu kwenye kibanda cha jirani. "Kama mama hajafungua, shauri yake."

"Na posa je? Kwa imeli inaswihi?"

Wakageuka wote. Aliyeuliza ni Shaaban wa Rasbura, mgeni aliyeshuka kwenye basi la Lindi asubuhi ile, amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Inategemea anayeposa ana wangapi nyumbani," alisema Hussen huku akimimina.

"Mmoja," alisema Shaaban akilikaza taulo, maana huyo mmoja alikuwa ameagwa kwamba mumewe anakwenda Mtama kuangalia korosho.

Basi yakamtoka yote. Anamposa Saida, hapa hapa Masoko. Kaka mtu yuko Maskati, hataki mambo ya kuongea kwenye simu, kaahidi kutuma sharti la familia kwa imeli. Baada ya laasiri Shaaban akae mbele ya wazee na jibu lake, na sharti lenyewe hajalisoma.

"Si ufungue?" alisema Valentini.

"Imeli yangu ni ya kampuni iliyotuwekea intaneti nyumbani. Kule, kwenye kompyuta ya watoto, inafunguka yenyewe. Nikajua huku haiwezi kufunguka bila hiki."

Akafunua taulo. Ndani kulikuwa na kidude cha waifai na nyaya zake zote.

"Umeng'oa rauta Rasbura ukapanda nayo basi?" Kipaza aliuliza.

"Nimeipakata njia nzima. Kondakta alitaka kuitia kwenye buti."

"Ungekuja na ukuta wake basi."

Valentini akaichomeka kibandani. Ikawaka taa nyekundu, ikagoma hapo hapo. "Mzee wangu, umekisumbua bure. Imeli haikai humu. Weka anuani na nywila kwenye simu, hata uwe Rondo shambani inafunguka."

Aibu ilimshika Shaaban, lakini furaha iliizidi. Akaweka nywila. Simu ikazunguka weee, ikamwambia haimtambui. Namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti.

"Mwenye akaunti si wewe?"

"Mama Warda ndiye aliyekwenda kuandikisha. Mimi siku hiyo nilisahau kitambulisho."

Hussen akaliweka birika chini. "Kwa hiyo umpigie mkeo, umwombe namba za kufungulia posa."

"Mwambie ni za korosho," Kipaza akashauri.

Shaaban alitazama jua. Laasiri haikuwa mbali, na Saida alikuwa ameshatandika mkeka. Akapiga. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki ila kwa spika, na kijiwe kizima kikasogea.

"Mama Warda, kuna vinamba vimeingia hapo, vya korosho..."

"Vimeingia." Utulivu wa ile sauti haukumpendeza. "Intaneti imekatika tangu ulipoondoka, na Warda ana mtihani. Nikawapigia kampuni. Wakasema kuna taarifa kwenye imeli ya akaunti, niingie nisome. Miaka yote sijawahi kuifungua, leo nikaingia kwa bando la simu."

"Ukasoma taarifa."

"Nikasoma ya kampuni. Nikasoma na ya Maskati."

Kipaza akazidi kuisogelea simu.

"Sharti lao jepesi tu, baba Warda. Mke mkubwa aandike kwamba ameridhia. Nimeshawajibu. Shika namba."

Akazitaja, akakata. Imeli ikafunguka. Valentini ndiye aliyesoma, maana Shaaban macho yalikuwa hayaoni kitu.

"Shemeji wa Maskati, asalaam alaykum. Nimeridhia. Huyu bwana naona ameshahamia kwenu, maana ameondoka hadi na waifai. Nguo zake nitazituma kwa basi la kesho."

Chini yake kaka mtu alikuwa amejibu: "Wa alaykum salaam. Dada yetu hatumwozi mwanamume anayewazimia wanawe intaneti. Wazee nimewaambia wasimngoje."

Shaaban akaichomoa rauta, akaiviringisha kwenye taulo taratibu, akaulizia basi la kurudi Lindi. Hussen alimmiminia kikombe bila kuombwa.

Simu ikalia. Imeli mpya, kutoka kwa mama Warda. Kichwa chake: "Na mimi nipe talaka yangu, kwa njia hii hii."

Kidole cha Shaaban kikabaki hewani. "Bwana Bakary," alisema kwa sauti ndogo, "ile ya imeli ulisema haiswihi, siyo?"

Kipaza alilitazama lile taulo.

"Nilisema hivyo," alijibu, "kabla sijaiona rauta."