Jinsi Kanyamibwa wa Karuba Alivyouchagua Mnyororo wa Mashine ya Kulisha Ng'ombe

Sogeeni, enyi watu wa Karuba na wa vilima vyote vinavyoitazama Karuba! Wekeni chini vibuyu vya maziwa, wanyamazisheni watoto, kwa maana nawasimulia tendo kuu la mwaka elfu moja mia kenda hamsini na sita, lililotendwa na Kanyamibwa, Mtia-Mafuta Mkuu, Simba wa Zizi, Mwenye Ufunguo wa Injini. Kanyamibwa ni mimi. Sifa hizo nilijipa mwenyewe, maana wengine walikawia.

Shambani kwa Mzungu palikuwa na mashine ya kulisha ng'ombe: injini huzungusha gurudumu la meno, gurudumu huvuta mnyororo, nao mnyororo husukuma majani katika hori refu hadi kwa ng'ombe wa mwisho. Mnyororo wa kwanza ulipowasili, sisi mashujaa tuliupokea kama tunavyompokea ng'ombe mgeni: tukauosha kwa maji ya chumvi. Tuliimba pia. Ukaliwa na kutu, ukakatika kwa kishindo, na majani yakarudi vichwani mwa wake zetu. Miongoni mwao alikuwa Drocella wangu, mwenye mimba kubwa, akipanda mteremko na mzigo wa matete huku mkono mmoja umeshika kiuno. Kumwona hivyo kuliniuma sana.

Ndipo Patron, yule Mzungu mwenye shamba, akatoa amri: mnyororo mmoja tena, basi. Ukikatika nao, mashine itauzwa, na wanawake watabeba majani siku zote.

"Papa Evode," Drocella akaniambia, kwa jina la mwanetu wa kwanza, "enda Sake. Lakini usichague ile inang'aa. Weye unapendaka vitu vya kung'aa."

"Mama Evode!" nikanguruma. "Miye njo Simba ya Zizi! Nitarudia na munyororo ao sitarudia!"

"Urudie," akasema. "Na sabuni."

Nikajitwika gurudumu la meno kama taji, nikashuka Sake, nikaingia dukani mwa Munyakazi, mwuza vyuma.

"Papa Munyakazi, mufalme wa misumari! Unipe munyororo yenye haitakatika hata ng'ombe wote wa Masisi wakasirike!"

"Kanyamibwa, shujaa ya Karuba! Duka iko mbele yako. Pima, vuta, luma kama unataka!"

Niliung'ata ule uliong'aa, jino likauma siku nzima. Moyo wangu ulikuwa wake tayari. Lakini nilipouweka juu ya gurudumu, ulikataa kuingia menoni. Wa pili, mnene, uliingia vizuri. Nikaulaza kwa ubavu, nikaushika huku na huku, ukalegea hadi chini kama mlevi, kwa kuwa viungo vyake vilikuwa vimeshalika. Wa tatu ulikuwa mweusi, wenye sura mbaya. Ukaketi vizuri katika kila jino, ukalazwa ubavu bila kulegea, na kila kiungo kikazunguka chini ya kidole changu. Nikauchukua kwa huzuni kubwa, nikimwangalia yule mrembo anayeng'aa ukutani.

Vita havijaisha! Zizini alinisubiri Hakorimana, mkuu wa wachungaji, na bakuli la maji ya chumvi.

"Mugeni haingie bila chumvi," akatangaza. "Njo desturi yetu!"

Kumkataa mzee ni aibu. Kumkubali ni kutu. Basi mimi, Simba wa Zizi, nikalipokea bakuli kwa mikono miwili, nikayanywa yote kwa niaba ya mnyororo. Machozi yalinitoka. Hakorimana akaridhika, akaimba.

Nikaupaka mnyororo mafuta, injini ikakohoa, majani yakatembea hadi kwa ng'ombe wa mwisho. Hakuna aliyenipigia vigelegele. Ng'ombe walicheua, nami nikakimbilia vichakani, maana chumvi ilikuwa imeanza vita vyake tumboni.

Niliporudi, Drocella alikuwa amefika na mzigo wake kichwani. Akalitazama hori lililojaa, akausikiliza mnyororo kwa muda mrefu. Akautua mzigo.

Na iandikwe, enyi wenye kuandika mambo ya wakuu, kwamba katika zama zetu, jua likiwa bado juu, Drocella wa Karuba aliketi.