Unga Wangu Juu ya Kompyuta Kuukuu

Jumatatu, 12 Januari
Wajdi kaja tena. Ndiye mwenzake mjukuu wangu Yosra kazini, na sebule yangu hapa Sfax kaigeuza ofisi. Kala mkate wangu na harisa, pilipili yetu ya kusaga, halafu akaanza kunong'ona. Mtu mwema hanong'oni na mkate mdomoni. Nikasikia: kompyuta kuukuu itupwe.

Nikambana Yosra. Eti wanatengeneza programu ambayo wengine huichomeka ndani ya programu zao. Kila toleo la programu hiyo hujengwa kwa njia mpya, kisha kwa njia ya zamani kwenye ile kuukuu, wenye mashine za kale wasiachwe. Wajdi anasema hao wamebaki wachache. Kesho atasema hivyo kuhusu vikongwe.

Na unga wangu utaumukia wapi baridi hii? Beseni hukaa juu ya kompyuta hiyo, kwenye joto lake. Yosra hudhani naukinga unga na paka.

Jumanne, 13 Januari
Kizee hutaka joto. Nimeifunika kompyuta joho la sufu la marehemu mume wangu. Ikifanya kazi vizuri, Wajdi atafunga mdomo.

Jumatano, 14 Januari
Imezimika katikati ya kujenga toleo jipya. Joho nimelitoa kabla hawajaona. Wajdi akasema, "Si nilikwambia, Yosra? Imejichokea, tuizike." Toleo likatoka bila njia ya zamani. Namshuku Wajdi. Jana aliikodolea macho.

Ijumaa, 16 Januari
Kompyuta baridi, unga umegoma kuumuka. Wajdi akageuzageuza mkate: "Bibi, hiki chakula au kigae?" Nikamwambia atafune, meno si ya kupambia mdomo.

Kabla hajameza, simu kutoka Tataouine, kusini mwa nchi. Mtengenezaji wa programu za maduka ya dawa analia: kachomeka toleo jipya, na wateja wake wenye mashine za kale hawawezi kuuza hata kidonge. Yosra akaikimbilia ile kuukuu. Kuiwasha, ikaamka. Ikajenga njia ya zamani bila kinyongo. Tataouine wakashukuru. Wajdi akala kigae chote.

Jumamosi, 17 Januari
Yosra kaifungua kuisafisha. Kakuta nyuzi za sufu na unga. Akasema kumbe joto ndilo lililoizima, kuna mtu aliifunika. Nikamwambia amuulize Wajdi. Akasema, "Bibi, Wajdi hana joho." Kaniapisha: joho lisiiguse tena. Kompyuta inabaki.

Jumapili, 18 Januari
Baridi inauma. Masikini inakoroma kama mgonjwa. Nimeifunika zulia. Kiapo kilikuwa cha joho.

Ikizimika tena, Wajdi alikuwa hapa asubuhi.