Kufikiri kwa Kina Nani?

Jumatatu, 3 Machi
Mhadhiri katangaza: Ijumaa anakuja meneja wa redio kuchukua mwanafunzi mmoja tu wa Mawasiliano. Kila mtu ataje ujuzi alioupata kwenye kozi. Miaka mitatu! Nikapekua kichwa. Patupu. Nikaogopa, nasema kweli. Kisha nikakumbuka maneno anayoyapenda mhadhiri: kufikiri kwa kina. Hayo hayo! Yananguruma. Jirani yangu wa benchi, tunayemwita Bi Kimya, kaniambia atasema amejifunza kusikiliza. Maskini. Redioni!

Jumanne, 4 Machi
Nimeyajaribu kwa Mama. Nikamwambia chuo kimenipa kufikiri kwa kina. Akauliza, kwa kina nani? Nikafafanua kwamba kina ni umbali wa kwenda chini. Akasema hata kisima kina kina, ila watu huulizia maji. Akaendelea kukunja nguo. Neno hilo limenikaa rohoni. Huenda mimi ni kisima kikavu.

Alhamisi, 6 Machi
Hofu imezaa mbinu. Nimemweleza Bi Kimya, kwa upole wa kaka, kwamba kusikiliza si ujuzi. Kuta zina masikio tangu enzi za mababu na hakuna aliyeziajiri. Bora aseme ubunifu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Kanasa!

Ijumaa, 7 Machi
Zamu yangu. Nikatamka kufikiri kwa kina kwa sauti ya taarifa ya habari. Meneja akauliza aliyenitangulia amesema nini. Ningejuaje? Nilikuwa nafikiri kwa kina! Akamgeukia Bi Kimya, naye akarudia maneno ya kila mtu, hata ya yule aliyenong'ona. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba jana nilimpa somo zuri kuhusu kuta zenye masikio ambazo hakuna anayeziajiri. Darasa likaangua kicheko. Meneja naye. Kachukuliwa yeye. Nimeumia, na si kidogo. Nilibaki kwenye benchi mpaka mfagizi akaniomba niinue miguu.

Jumapili, 9 Machi
Mama kanikuta nimejiinamia. Akaketi kando yangu, akanishika mkono, akasema nami taratibu kwa muda mrefu. Nadhani yalikuwa mazito, maana alifuta machozi. Sikuyashika vizuri, nilikuwa napanga. Mwezi ujao wanakuja watu wa televisheni. Hao nitawaambia nimejifunza kusikiliza.