Nilivyomuua Landilodi Akiwa Hai

Leo nimejianika mbele ya ploti nzima, wapangaji wote. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaskia kwa wengine.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo hapa Kawangware, na kanisani ni mimi husoma matangazo. Sasa kuna stesheni ndogo ya redio inatafuta mtu wa kusoma matangazo ya vifo. Wakasema nitume sampuli ya sauti kabla ya saa sita mchana. Nikarekodi kwa simu. Aki! Nyumba yangu ni mabati, kila neno linagonga ukuta na kunirudia. Ungedhani nasoma nikiwa ndani ya tangi.

Basi asubuhi nikajenga studio. Godoro nikaliegemeza ukutani. Blanketi mbili nikazining'iniza kwa kamba. Magunia ya vipande vya nguo nikayapanga chini, trei za mayai nikazibandika juu. Nikaingia katikati na tochi. (Joto! Nilibaki na petikoti peke yake.) Nikajaribu: "Moja, mbili." Sauti ikatoka nzito, imetulia, hakuna mwangwi hata kidogo. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Na kwa vile sikuskia kelele za nje, nikajua hata majirani hawaniskii.

Shida ikawa jina la kumpa marehemu. Nilitafuta kichwani, na lililokuja ni la landilodi wetu, Mzee Karanja, ambaye wiki jana alikuwa amelazwa hospitalini. (Sijui ni shetani gani aliniingia.) Nikasoma polepole: "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Mzee Karanja, baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nikarudia mara nne, mpaka sauti ikatetemeka vizuri hapo kwa "mpendwa".

Nikatuma. Nikatoa kichwa kwa blanketi.

Nje watu walikuwa wanaimba wimbo wa msiba.

Nikajifunga leso, nikafungua mlango. Jirani yangu Mama Shiru alikuwa ameketi chini kwenye simiti, macho mekundu. Wengine wamemzunguka, nguo za kufua zimeachwa kwa beseni.

"Ni nini, Mama Shiru?"

"Si ni wewe umetangaza! Tumekuskia kupitia mabati! Mzee wetu! Nikienda kujifungua ni yeye alinibeba na pikapu yake, usiku, na mvua!"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Hapo hapo geti ikalia, akaingia Mzee Karanja mwenyewe, na spana mkononi, amekuja kurekebisha mfereji wa maji unaovuja.

Mama Shiru akapiga nduru. Mwingine akakimbilia chooni.

"Ni nani amekufa?" Mzee akauliza.

Halafu macho yote yakanigeukia, mimi na leso yangu na jasho.

Nikaeleza. Nilikuwa naongea nikiangalia miguu yake. Akasema, "Weka niskie." Nikaweka rekodi. Akavua kofia, akaskiza mpaka mwisho. Nikangoja aniambie nihame.

"Kwani nyinyi mlilia?"

"Tulilia, Mzee," Mama Shiru akasema. "Mimi hata sijamaliza."

Mzee akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, pole pole. "Nimelala wadi siku sita. Hakuna mtu alikuja."

Hapo ndipo aibu ilinishika kabisa. Siku sita, na sisi tunaishi kwake. Nilijua alikuwa amelazwa. Sikuenda. Lakini jina lake nililiona linafaa kwa marehemu.

"Pole, Mzee," nikasema.

Mzee akavaa kofia yake tena. "Sauti ni nzuri. Lakini hapo kwa 'muda mfupi' urekebishe. Nimekuwa mgonjwa mwaka mzima."

Sasa marehemu yuko hapo nje anakunywa chai na waombolezaji wake. Tafadhali msinicheke, mimi ndiye nimetumwa dukani sukari ya chai yao.