Kiatu cha Mama Mkwe Kinapaa Mita Ngapi

Jumatano, 4 Machi
Mama mkwe ameleta viatu kibandani kwangu, soli zimeachia. Jumamosi ni harusi ya mpwa wake, na mkwe mmoja atakaa naye meza ya mbele. Mkwe mwenzangu, dereva wa lori, leo kampandishia mama mkwe mtungi wa gesi hadi ghorofani anakokaa, kaubeba begani, huku anapiga mluzi. Mimi goti langu na ngazi havipikiki chungu kimoja. Lakini akili ninayo. Viatu nitavirusha hadi roshani.

Alhamisi, 5 Machi
Kutoka mkononi kwangu hadi roshani ni mita tano, nimepima kwa kamba. Nikamuuliza mke wangu, mwalimu wa hesabu, kitu kikirushwa kinafika wapi. Akaandika: kimo = 10t − 5t². Kumi ni kasi ya mkono wa kawaida, t ni sekunde. Akasema kitapanda, kitafika kileleni, kitashuka. Kukipata kilele, nigawe kumi kwa mara mbili ya tano. Nikapata moja. Akasema ningoje, bado hatujamaliza. Walimu hawajui kufupisha. Nikatoka. Mita moja tu! Itabidi nitumie nguvu.

Ijumaa, 6 Machi
Nimerusha cha kulia kwa nguvu zote. Mama mkwe alikuwa amekinga mikono. Kikampita, kikapotelea juu ya paa. Mke wangu anasema ile moja ilikuwa sekunde. Ningeirudisha kwenye fomula ningepata kumi kutoa tano: mita tano, roshani kamili. Mkono wa kawaida ungetosha. Mkwe mwenzangu akapanda, akakikuta ndani ya tangi la maji. Mama mkwe akakiteremsha mwenyewe hadi kibandani kwangu, kikichuruzika maji. Bora angenitukana.

Jumapili, 8 Machi
Jana mama mkwe alikaa meza ya mbele na ndala zake, pembeni dereva wa lori. Iliniuma, nisiseme uongo. Ila mimi niliwekwa karibu na mlango wa jikoni, sahani zikaanzia kwangu. Nilikula hadi nikalegeza mkanda.

Leo mama mkwe amecheka, akasema yaishe. Mlango wa roshani lakini kautia kufuli. Kiatu kimekauka, na limebaki dirisha la jikoni, liko juu zaidi. Mke wangu kaandika 15t − 5t², akaanza kueleza. Nikamwambia asijisumbue, sasa naelewa. Nimepata moja na nusu.

Mita moja na nusu! Kesho narusha kwa mikono miwili.