Tenkyu ya Kocha na Mshumaa Niliouacha

Leo nimemfukuza kocha kazi.

Siyo kwa maneno ya kijiweni, kama nyie mnavyomfukuza kila Jumatatu. Mimi nimemfukuza kweli, asubuhi, nikiwa na dera na mswaki mdomoni. Na kona sijui inapigwaje. (Najua kuna kibendera. Elimu yangu ya mpira inaishia hapo.)

Kwa msionijua vizuri: ni mimi Siwema, natengeneza kadi za harusi, misiba na kipaimara kwa simu, nyumbani, ghorofa ya tatu, upande wa Gerezani. Ni mtu wa ndani. Sokoni Kariakoo ni dakika tano kwa miguu, lakini mihogo nainunua kwa ndoo na kamba kupitia dirishani. Nashusha, muuzaji anaweka, navuta. Mwezi uliopita nilitoka mara mbili, na moja ilikuwa kuifuata ndoo ilipokatika kamba.

Naishi na kaka yangu Hamisi. Yeye ndiye msemaji wa Karakana, hiyo timu yetu ya ligi kuu ambayo haijashinda mechi tangu nguo zangu za Idi zikiwa mpya.

Basi asubuhi tunakunywa chai, Hamisi kaniinamia kama mtu aliyeleta posa.

"Mdogo wangu, nitengenezee tenkyu ya kocha."

Kwa asiyefuatilia mpira (karibu, tukae pamoja): hapa Bongo kocha hafukuzwi kwa barua. Anafukuzwa kwa bango. Linarushwa mtandaoni, picha yake kakunja mikono, neno TENKYU kubwa, na shukrani za uongo kwa chini. Barua itamfuata baadaye, au isimfuate kabisa. Na bango huandaliwa mapema, ili uongozi ukiamua tu, klabu iwe ya kwanza kutangaza kabla ya wambea.

"Kwani kamati imeshaamua?" nikauliza.

"Kamati ikae lini? Akidi haijatimia tangu msimu uanze. Wanaitwa kumi, wanakuja watatu, na mmoja kafuata soda." Akashusha sauti. "Ila siku wakikaa, nataka niwe nalo mfukoni. Sasa nisikilize, Siwema. Likitoka kabla hawajaamua, wa kwanza kupewa tenkyu ni mimi. Umenielewa?"

"Kaka, unanionaje?"

(Alivyoniona ndivyo nilivyo, lakini twende taratibu.)

Bango la mpira sijawahi kutengeneza. Ila nilikuwa na kadi ya marehemu mmoja wa Ilala, nzuri sana, bluu kama jezi ya Karakana. Nikatoa picha ya marehemu, nikaweka ya Kocha Bonifasi. Nikatoa "Tutakukumbuka daima", nikaweka "Tenkyu, Kocha". Pembeni kulikuwa na mshumaa unawaka. Nikautazama. Nikaona unapendeza. Nikauacha.

Nikamtumia Hamisi, ambaye alishaondoka kwenda kazini. Akajibu kwa dole gumba. Hata kulifungua hakulifungua.

Sasa mimi nina mazoea. Kazi yoyote ikiisha, naiweka stetasi: "Kazi ya leo, wapendwa. Karibuni." Na namba yangu ya simu ipo kwenye kila kadi, pale chini, maana ndivyo wateja wanavyonipata. Leo sikufikiria chochote. Mkono wenyewe ukafanya, mimi nikaenda kupiga mswaki. (Ndiyo, baada ya chai. Nihukumuni kwa kosa moja kwanza.)

Mswaki mdomoni, nikashusha ndoo. Ikakaa. Nikaitikisa kamba. Nikachungulia. Muuza mihogo kasimama na simu yake mkononi, anatikisa kichwa kama aliyeondokewa.

"Dada Siwema! Mmemtoa Bonifasi? Tena kwa heshima hivi, mpaka mshumaa!"

Mswaki ukanitoka mdomoni, ukatua kwenye sinia lake la mihogo.

Nikakimbilia simu. Stetasi nikaifuta. Bure! Bango limeshatua kwenye magrupu yote, la mtaa, la familia, hadi la wazazi wa shule ambayo mimi sina mtoto. Mara Hamisi huyo anapiga. Ananong'ona kama yuko chini ya meza. (Baadaye nilijua alikuwa chini ya meza.)

"Siwema, umefanya nini?"

"Nimeshafuta, kaka! Mwambie Mwenyekiti ni makosa."

"Nitamwambiaje? Mwenyekiti anaamini kamati imekaa bila yeye. Akiuliza, ataonekana hana nguvu. Katibu naye anaamini Mwenyekiti kaamua peke yake. Akiuliza, ataonekana hashirikishwi. Kwa hiyo wote wawili wametoa tamko. Wanaunga mkono uamuzi."

"Uamuzi wa nani?"

"Wako!"

Nikakaa sakafuni.

"Na kocha je?"

"Kaliona akiwa mazoezini. Kavua filimbi, kamvalisha golikipa, kaenda kuvaa suti. Halafu Siwema, hiyo ratiba uliiweka ya nini?"

"Ratiba gani?"

"Soma bango lako. Chini."

Nikasoma. Herufi ndogo ndogo, mabaki ya marehemu wa Ilala: "Kuaga ni leo saa nane mchana. Nyote mnakaribishwa." Mahali hapakutajwa. Watu wakajiongeza wenyewe: si makao makuu ya klabu? Na Mwenyekiti, Mangi, yule mwenye duka la jumla la mabeseni na viti vya plastiki, alipoona ratiba, akaona aibu kuonekana alikuwa haijui. Akatoa viti dukani, mikokoteni miwili. Turubai likafungwa kabla ya adhuhuri.

Hapo nikapanga mpango. Niende, nimvute kocha pembeni, nimwambie ukweli kwa sauti ndogo, yeye acheke, arudi mazoezini, na Hamisi wangu abaki na kazi. Saa nane ilipokaribia, nikajifunga kanga juu ya dera, simu nikaifunga kwenye pindo, nikashuka ngazi. Nilipofika barabarani ndipo nikaona kandambili ya kulia ni nyekundu na ya kushoto ni ya Hamisi.

Mtaa wa klabu, huko Kariakoo, umefungwa. Wabeba mizigo wanalia "Pisha! Pisha!" na hakuna pa kupishia. Chini ya turubai watu wamejaa, wengine na jezi, wengine na kanga za msibani. Mama mmoja wa kanga ya msibani akamgusa kijana mbele yake.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Kufungwa, mama."

"Masikini. Na bado anaonekana mzima."

Maana kocha alikuwepo! Kiti cha mbele, suti nyeusi, mkewe pembeni yake. Nikaanza kupenya kumfuata, kipaza sauti kikalia, hotuba zikaanza. Nikajificha nyuma kabisa, kati ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Mangi akasimama. "Ndugu wanachama. Uongozi ulikaa, ukatafakari kwa kina."

Akakaa. Katibu naye akasimama. "Tuliamua kwa kauli moja. Nakumbuka mjadala ulikuwa mzito."

Watu wakapiga makofi. Hamisi, pale pembeni, alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye tai.

Akaitwa kocha. Akashukuru kwa utaratibu, mtu wa Songea yule, haongei kwa pupa.

"Nimefundisha timu nyingi, na zote zimenifukuza. Lakini hakuna iliyoniwekea turubai. Nimeguswa." Akavaa miwani, akatoa simu. "Nina swali moja dogo. Hapa kwenye bango pameandikwa nimeacha mjane na watoto watano. Mke wangu huyu hapa. Watoto tunao wawili. Hao watatu, naomba uongozi ueleze mapema ni wa nani, kabla hatujafika nyumbani."

"Waeleze," mkewe akasema bila kugeuka. "Tena hapa hapa."

Jamani, watu wakasogeza viti mbele.

"Hilo Katibu atalijibu," akasema Mangi.

"Mimi naona ni la Mwenyekiti," akasema Katibu.

"Basi Msemaji."

Hamisi akajifuta jasho kwa tai. Mangi akaichukua simu ya kocha, akalisogeza lile bango machoni.

"Aliyetengeneza kaacha namba. 'Harusi, misiba, kipaimara, piga simu.' Ngoja tumpigie, atueleze hao watoto kawatoa wapi."

Nikaanza kufungua pindo la kanga. Fundo likagoma. (Nililifunga mwenyewe, imara, nisije nikaibiwa Kariakoo.)

Mlio wa simu yangu ni jogoo. Niliuweka ili niusikie nikiwa jikoni.

Akawika.

Vichwa vikageuka. Akawika tena. Mama wa kanga ya msibani akaanza kuangalia chini ya viti. Mara ya tatu nikarudi nyuma, nikavigonga viti, vikaporomoka vyote, na nikabaki nimesimama peke yangu mbele ya umati, kandambili mbili za rangi mbili, jogoo anawika kiunoni.

"Wewe ndiye Siwema?" Mangi akauliza kwenye kipaza sauti, wakati niko hatua kumi tu kutoka kwake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Wewe ndiye umemfukuza kocha?"

"Mimi nilikuwa natangaza kadi."

Nikaitwa mbele. Nikasema yote. Marehemu wa Ilala, mshumaa, stetasi. Nilijaribu kuliruka jina la Hamisi, lakini mtu akapaza sauti, "Huyo si dada yake Msemaji?" na Hamisi akaanza kuangalia turubai kama fundi aliyekuja kulikagua.

Mke wa kocha akanyoosha mkono. "Kwa hiyo watoto ni wa marehemu?"

"Ndiyo, mama."

"Wote watatu?"

"Wote watano, mama. Wako hawamo hata mmoja."

Akashusha pumzi. Akamfuta mumewe vumbi begani, kwa mara ya kwanza tangu hotuba zianze.

"Ngoja," akasema kocha taratibu. "Kama mlikaa na mkaamua kwa kauli moja, huyu dada kafanya kosa gani? Na kama hamkukaa..."

Hakumalizia. Umati ulimmalizia kwa kicheko, hadi wabeba mizigo walitua mizigo wakacheka. Mangi akamwangalia Katibu. Katibu akaanza kuhesabu watu kwa kidole, nikadhani anatafuta pa kutokea.

"Mwenyekiti," akasema, "tupo kumi."

"Kumi nini?"

"Wajumbe. Wote wamekuja kuaga. Akidi imetimia!"

Mara ya kwanza msimu mzima! Wakavuta viti kumi nyuma ya turubai, wakakaa. Dakika kumi. Mimi na Hamisi tulisimama pembeni, naye akanikanyaga kandambili. Ile ya kwake.

Mangi akarudi kwenye kipaza sauti.

"Kamati, safari hii imekaa kweli. Kocha Bonifasi anabaki. Tumeshamuaga leo, wiki ijayo tukimuaga tena tutachekwa." Makofi! Kocha akanyanyuka, akasema anakwenda kumnyang'anya golikipa filimbi yake. Nami nikaanza kupumua.

"Lakini," akaendelea Mangi, "viti vyangu vimetoka dukani. Turubai limefungwa. Watu wameacha biashara wamekuja kuaga. Lazima aagwe mtu."

Wajumbe kumi wakamgeukia kaka yangu.

Hamisi aliagwa vizuri, sitaki kudanganya. Mama wa kanga hatimaye alipata wa kumlilia. Mimi nikarudi kwenye kipaza sauti kumtetea, nikasema kosa ni langu, niadhibiwe mimi.

"Wewe umeshaadhibiwa," akasema Mangi. "Unakaimu nafasi yake. Matangazo ya Hamisi yanaleta watu watatu. Lako limejaza mtaa, tena kwa wakati."

"Mwenyekiti, mimi ni mtu wa ndani!"

"Atasemea dirishani," akasema Hamisi. Ndiyo maneno yake ya mwisho kama msemaji wa Karakana.

Sasa hivi nipo nyumbani, giza ndiyo linaingia, na kazi yangu ya kwanza ofisini mnaikisia. Hamisi kakaa hapa pembeni kwenye kochi. Haongei na mimi ila kwa mambo ya kitaalamu. "Sogeza jina juu." "Hiyo picha kitambi kinaonekana, weka nilipokunja mikono." Nimemwomba msamaha mara sita, akasema neno TENKYU liwe la dhahabu.

Bango lake likitoka kesho, nawaomba mwandike "asante kwa utumishi wako" na mpite kimya kimya, hasa nyie mnaojua kucheka kwa herufi kubwa. Mshumaa nimeutoa. Watoto watano nilitaka kuwatoa pia, ila Hamisi, ambaye hajaoa, kasema niwaache.

Anasema wanampa uzito.